Wasomaji Wauliza: Suti ya Kupimiwa kwa Fundi

SWALI: Natarajia kufunga ndoa mwishoni mwa mwaka na nimemwendea fundi mmoja wa Kariakoo anishonee suti. Ameniambia kazi itachukua wiki sita, kwamba itanibidi niende kwake mara tatu kujaribu, na bei aliyonitajia inakaribia mara tatu ya ile ya suti niliyoiona dukani ikiwa tayari. Wenzangu wanasema ananizungusha. Je, wanasema kweli? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Wenzako wana sababu ya kushuku, kwa kuwa ni wachache miongoni mwetu ambao hawajawahi kuambiwa “njoo kesho” na fundi ambaye hata kitambaa hajakigusa. Hata hivyo, fundi anayekueleza tangu siku ya kwanza kwamba utajaribu mara tatu, akakupangia na tarehe, ni mtu wa namna nyingine, na inafaa ujue fedha yako inakwenda wapi.

Vipimo vya kifua, kiuno na mkono humweleza fundi ukubwa wa mwili wako tu, wala havimwelezi umbo lake. Watu wengi wana bega moja lililo chini kuliko lingine. Wapo wanaosimama wakiwa wametoa kifua, na wapo ambao kuketi mbele ya kompyuta kumewapinda mgongo wa juu. Suti ya dukani hukatwa kwa ajili ya mtu wa wastani mwenye mabega sawa, ndiyo maana kola yake huachana na shingo au mgongo wake hufanya mikunjo chini ya kola. Fundi wako, akiwa fundi kweli, atakutazama unavyosimama kabla hajachukua futi, kisha atakukatia pateni yako mwenyewe, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia kitambaa.

Unapokwenda kujaribu mara ya kwanza, usishtuke ukikuta koti halina mifuko wala bitana, na limeshikizwa kwa bandi za uzi mweupe. Limeachwa hivyo makusudi, ili fundi aweze kuling'oa. Mara nyingi atachomoa mkono mzima, auzungushe kidogo mbele au nyuma kufuatana na jinsi mkono wako unavyoning'inia, aushikize upya kwa pini, na kuchora kwa chaki mahali pa kurekebisha. Juu ya mkono wa koti hukatwa pana kuliko tundu la kwapa unamoingia, na upana huo wa ziada sharti usambazwe polepole kwa sindano na pasi hadi uishe bila kuacha marinda. Kwa maoni yangu hapo ndipo fundi hodari anapojulikana, maana mkono uliotiwa vizuri hukuwezesha kuinua simu sikioni pasipo koti zima kupanda nalo.

Sehemu kubwa ya gharama, hata hivyo, imo ndani ambamo wageni wako hawataona. Kati ya kitambaa cha nje na bitana kuna kanvasi, yaani kitambaa kigumu kilichofumwa kwa sufu au pamba pamoja na manywele ya farasi, ambacho hushonwa kwa mishono mamia ya mkono ili kifua kisimame na ukosi ukunjike kwa ulaini. Makoti mengi ya bei nafuu hubandikwa kitambaa chenye gundi badala yake, na gundi hiyo ikichoshwa na joto la pasi na dobi huachia, kifua kikaanza kutoa viputo. Huko Savile Row, mtaa wa London ambako kampuni ya Henry Poole ilihamia mwaka 1846, chama cha mafundi huhesabu kwamba suti moja huhitaji saa zisizopungua 50 za kazi ya mikono. Kwa fundi mwenye wateja wengine, wiki sita si nyingi.

Lakini bei hiyo ni halali tu ikiwa kanvasi ipo kweli. Muulize wazi, tena umwombe koti alilokwisha kulimaliza. Lifinye chini ya tundu la kifungo cha mwisho, uvute kitambaa cha mbele na cha nyuma kwa vidole viwili. Ukihisi tabaka la tatu likiteleza huru katikati, basi hajabandika gundi. Muulize vilevile anaacha ziada kiasi gani ndani ya mishono ya ubavuni na ya nyuma ya suruali, kwa sababu bwana harusi wa mwaka huu huenda akanenepa.

SWALI: Nimenunua kitambaa cha suti kwa bei nafuu sana, na pembeni kimeandikwa Super 150's. Fundi wangu alikitazama, akaguna, asiseme kitu. Nimeuziwa nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Namba hiyo hueleza wembamba wa nyuzi za sufu na si jambo lingine. Super 100's ni sufu ambayo unyuzi wake hauzidi unene wa maikroni 18.75 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na Super 150's hauzidi 16.25. Sufu nyembamba hivyo ni ghali, tena hukunjamana na kuchakaa upesi, kwa hiyo hata kama ingekuwa ya kweli nisingekushauri kuivaa kazini kila siku. Kuchapa maneno pembeni mwa poliesta, kwa upande mwingine, hakuna gharama yoyote.

Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibano juu ya sahani na uziwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Ukipata vyote viwili, umeuziwa mchanganyiko.

Mguno wa fundi nauelewa: sufu hutii mvuke wa pasi, ikavutwa hapa na kubanwa pale hadi ikachukua umbo la kifua, ilhali poliesta hurudi ilivyokuwa. Kwa joto la Mombasa tafuta sufu nyepesi iliyofumwa kwa uwazi, ya gramu 240 hadi 280 kwa mita moja ya urefu, na umwombe fundi atie bitana nusu tu mgongoni. Suti ya vipande viwili huhitaji takriban mita tatu na nusu za kitambaa cha upana wa sentimita 150.

SWALI: Je, suti ya Kaunda nayo yahitaji fundi wa namna hiyo? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Yahitaji, na pengine zaidi. Vazi hili linalobeba jina la Kenneth Kaunda, rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, lilizungumzwa sana kwenu Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula alipolipiga marufuku katika Bunge la Taifa. Kwa kuwa halivaliwi na tai, hakuna kinachoficha shingo, na kola iliyokatwa vibaya huonekana tangu mlangoni. Unapojaribu, keti, nyosha mikono mbele kama unayeendesha gari, kisha umwombe mtu atazame nyuma ya shingo yako. Kola ikiachana na shingo, usilipokee koti hadi fundi aifumue.