Kuchomoa fonti (maumbo ya herufi) kwenye programu za zamani: kwa mnaoanza

Wengi wakianza kazi hii hukimbilia kutafuta programu ya kuchomolea kabla hawajajua wanachomoa nini. Fonti za zamani ziko za nukta, ambazo kila herufi imechorwa pikseli kwa pikseli, na ziko za mistari, ambazo umbo la herufi limeelezwa kwa mistari na mikunjo, kama TrueType iliyoingia Windows 3.1 mwaka 1992. Kila moja ina njia yake.

Fungua faili kwa kihariri cha heksa, yaani programu inayoonyesha kila baiti ya faili kwa tarakimu za 0 hadi 9 na A hadi F, tazama baiti za mwanzo. Ukikuta 00 01 00 00, kuna uwezekano mkubwa ni TrueType nzima. Lipe faili jina linaloishia na .ttf ujaribu. Ukikuta MZ, alama ile ile ya mafaili ya .exe, usishtuke. Mafaili ya .FON ya Windows yamejengwa kama programu, na fonti zimo ndani, mara nyingi saizi kadhaa kwa pamoja. FontForge, programu ya kuhariri fonti, huyafungua bila tabu.

Shughuli pevu iko kwenye programu za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Humo fonti huweza kukaa katikati ya msimbo, haina faili lake wala jina. Fonti ya VGA (aina ya skrini ya kompyuta za zamani) ya pikseli 8 kwa 16 hutumia baiti moja kwa kila mstari wa pikseli, yaani 16 kwa herufi, hivyo herufi 256 ni baiti 4,096. Tafuta mfuatano huu: 10 38 6C C6 C6 FE C6. Uandike kwa sifuri na moja:

00010000
00111000
01101100
11000110
11000110
11111110
11000110

Hiyo ni A. Juu yake kuna mistari 2 mitupu, ihesabu. Ukihesabu herufi za jedwali kuanzia 0, A ni namba 65, kwa hiyo huanza baiti 1,040 kutoka mwanzo wa jedwali. Rudi nyuma kiasi hicho, kata baiti 4,096, fonti unayo. Kama mchoraji alibuni A yake mwenyewe, fungua faili lote kama picha ya rangi mbili yenye upana wa pikseli 8, uteremke taratibu mpaka herufi zijitokeze.

Kuchomoa ndiyo sehemu nyepesi. Jedwali hilo kwa kawaida hufuata CP437, mpangilio wa namba za herufi wa kompyuta za zamani, si Unicode inayotumika leo. Namba 32 hadi 126 zinalingana, na Kiswahili chote kinaenea humo, hata ng' ya ng'ombe. Kuanzia 128 lazima upange upya, na ĩ na ũ za Kikikuyu hazimo kabisa, utazichora wewe.

Halafu upana. Skrini ya maandishi ya VGA ilikuwa na nukta 720 kwa safu 80, yaani 9 kwa kila herufi, ilhali faili lina 8. Nukta ya tisa iongeze, la sivyo maneno yatabanana.

Kuhusu haki: Marekani, umbo la herufi halilindwi na hakimiliki, lakini faili la fonti ya mistari huweza kulindwa kama programu ya kompyuta. Nchi nyingine zina sheria zao. Kwa matumizi ya umma mimi hubaki na za nukta, na za TrueType sizigawi bila kusoma leseni.

Ukishaigeuza iwe .ttf, itumie kwa pikseli 16, 32 au 48. Kwenye 20 kingo zitafifia, na watu watadhani umekosea kuichomoa.