Msimamizi Anasema Kiingereza Changu Kibovu

*Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa mwisho wa shahada ya sanaa za ufundi hapa Dar es Salaam. Tasnifu yangu inahusu uchoraji wa Tingatinga. Kuchora sina shida, ila sura ya pili imerudishwa mara mbili ikiwa nyekundu tupu, na pembeni msimamizi kaandika "poor English", basi. Aya yangu inaanza hivi: "Since time immemorial Tingatinga is a very beautiful traditional art of Tanzania which it has attracted many people all over the world because of its beautiful colours and it shows the culture of our people." Nimeanza kutafuta mtu wa kumlipa aniandikie. Unanishauri nini? – Mchoraji, Kinondoni*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuniletea aya yenyewe, maana malalamiko peke yake hayahaririki. Fedha yako itunze, ununulie rangi.

Kisarufi sentensi yako ina makosa mawili ya wazi: "is" iliyopaswa kuwa "has been", na "it" iliyozidi baada ya "which". Hayo rafiki yako yeyote aliyeshika Kiingereza vizuri atakurekebishia ukiwa umesimama hapo hapo, na bado sura itarudishwa. Ondoa jina la Tingatinga, weka batiki, weka kanga, weka kinyago cha Kimakonde: sentensi inakubali yote. Msimamizi ameisoma hadi mwisho na hajaoneshwa picha hata moja. Nadhani hilo ndilo lililomfanya aandike maneno yale mawili, ingawa naye angekutendea haki zaidi kama angelieleza.

Halafu kuna "since time immemorial", yaani tangu kale na kale, ambayo wanafunzi wetu huibeba kutoka insha za sekondari hadi chuo kikuu. Hapa imekuingiza kwenye kosa la historia. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Babu yako alikuwa hai wakati huo, na huenda alipita Oyster Bay akaziona picha hizo zikiuzwa. Neno "traditional" nalo lina ubishi: wapo wanaoihusisha kazi yake na michoro ya ukutani ya kusini, wapo wanaokataa. Ukiliweka, litetee. Huwezi kulipachika kama pambo.

Sasa fanya hivi. Kiingereza kiache kwanza. Chagua picha moja, ya Tingatinga mwenyewe au ya waliomfuata, usimame mbele yake na umweleze mchoraji mwenzako kwa simu, kwa Kiswahili, kilichopo. Najua utakachosema, kwa sababu wachoraji mnapozungumza wenyewe kwa wenyewe hamsemi "nzuri sana". Utasema ubao ni wa mraba, kama sentimita 60 kwa 60. Rangi ni ile ya kung'aa, ya kupakia baiskeli. Usuli ni wa rangi moja. Ndege ni mmoja, amejaa ubao mzima, mkia unagusa ukingo wa juu. Madoa meupe yamewekwa baada ya buluu kukauka.

Hayo yaandike kwa Kiingereza kifupi, jambo moja kila sentensi: "The board is square, about sixty centimetres on each side. One bird fills it. Its tail touches the upper edge. The white dots were added after the blue had dried." Hakuna neno gumu hapo, na hakuna msimamizi atakayesema hajui unazungumzia nini. Wewe umefunzwa kuangalia kuliko wenzako wa fani nyingine. Nasikitika kila ninapoona mtu mwenye jicho kama hilo akilifumba pindi anapofungua kompyuta.

Kutoka hapo ndipo hoja inapozaliwa. Kwa nini mraba? Ubao mzima wa dari wa futi 4 kwa 8 unatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, hakibaki kitu. Futi 2 ni karibu sentimita 60. Je, umbo tunaloliona leo kuwa sehemu ya mtindo lilitokana na kubana matumizi ya ubao? Au wanunuzi wageni walitaka kitu kinachoingia kwenye sanduku la safari? Nenda kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga pale Oyster Bay, karibu na Morogoro Stores, uwaulize wazee, uandike wanachokujibu. Swali moja la namna hiyo linabeba sura nzima, na hutahitaji tena "all over the world".

Nirudi kwenye lugha, kwa yale yanayowasumbua hasa watu wa sanaa. Kilichomo kwenye picha kinaelezwa kwa wakati uliopo, kwa sababu bado kipo: "The bird fills the board." Kilichotendwa na mchoraji kinaelezwa kwa wakati uliopita: "Tingatinga painted on hardboard." Tenganisha hayo mawili na nusu ya wino mwekundu itapungua. La pili ni "in" na "on". Sisi tuna "kwenye", inatutosha kote. Kwa Kiingereza simba aliyechorwa yuko "in the painting", lakini rangi, mkwaruzo na sahihi viko "on the board". Msomaji wa sanaa anaishika tofauti hiyo papo hapo, kwa sababu moja inataja taswira na nyingine inataja kifaa.

Na "beautiful" ifute kila inapotokea. Mahali pake andika rangi inafanya nini: inasukuma umbo mbele, inalizamisha, inagawa ubao vipande viwili. Ukishindwa kusema inafanya nini, rudi kwenye picha.

*Mwalimu, mimi ni mchongaji. Nimewahoji mafundi wa soko la vinyago la Mwenge kwa Kiswahili na kuwarekodi. Msimamizi anataka kila kitu kiwe Kiingereza, nami naona maneno yao yanapoteza ladha. Tena nina picha nyingi za vinyago, sijui niziandikie nini chini. – Fundi, Ubungo*

Weka yote mawili. Maneno ya fundi yatangulie kama alivyoyatamka, tafsiri yako ifuate chini yake, na mwanzoni mwa tasnifu useme mara moja kwamba tafsiri zote ni zako. Msimamizi anapata Kiingereza chake, fundi anabaki na sauti yake. Mahojiano yawe na tarehe na mahali, na fundi awe ameridhia jina lake kutajwa. Naomba sana mtaje majina pale mnaporuhusiwa. Vinyago vingi mno vimo kwenye makumbusho vikiwa na neno "Makonde" tu, kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja.

Majina ya mitindo na vifaa, kama *shetani* (mtindo wa vinyago vya mizimu) na *mpingo*, yaache kwa Kiswahili kwa herufi za mlalo, uyaeleze mara ya kwanza, kisha uendelee nayo.

Chini ya picha panakaa jina la msanii, jina la kazi, mwaka, kitu ilichotengenezwa nacho, vipimo, mahali ilipo, na aliyepiga picha. Kwa vipimo kimo hutangulia upana. Kinyago hakiishii hapo, kina unene pia, kwa hiyo namba ni tatu. Chukua futi ya utepe unapokwenda kupiga picha, maana kurudi kupima kinyago kilichokwisha kuuzwa haiwezekani.

*Je, ni vibaya kuandika kwa Kiswahili kisha kuiachia programu ya kompyuta itafsiri? – Msomaji, Morogoro*

Kwanza soma kanuni ya chuo chako, na kama wanataka utamke umetumia nini, tamka. Mimi ningependa programu ije mwishoni, ikague sentensi ulizokwisha kuandika mwenyewe. Ukiipa sura nzima itakubahatishia mambo. "Alichonga" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo mashine huenda ikachagua "he", na msanii wako wa kike akatoweka kwenye tasnifu inayomhusu. Pitia kila "he" na kila jina la mtu kwa kidole, kabla hujachapisha nakala ya kumpelekea msimamizi.