Maswali ya Wasomaji: Herode Aitwe Sungura?

Swali: Sisi ni kikundi cha watafsiri hapa Webuye, tunaitafsiri Injili ya Luka kwa mojawapo ya lugha za Kiluhya. Tumekwama kwenye 13:32, Yesu anapomwita Herode "mbweha". Kwetu mbweha ni mwizi wa kuku tu. Mwenye ujanja ni sungura. Mzee mmoja ameshauri tumwite Herode sungura. Ni sawa?

Jibu: Hapana, na kasoro iko kwa sungura. Katika ngano zetu yeye ndiye mdogo anayewachezea shere fisi na simba, na watoto humshangilia. Huyu Herode ni Antipa, mtawala wa Galilaya aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji, na mstari wa 31 unasema sasa anataka kumwua Yesu. Mkimwita sungura, mmemsifu.

Kabla hamjambadilisha mnyama yeyote, andikeni mambo matatu: anayesemwa, anayefananishwa naye, na sifa inayowaunganisha. La tatu ndilo gumu, maana Luka hakulitaja. Mbweha alijulikana kwa hila, lakini pia alihesabiwa kuwa mnyama duni: katika Nehemia 4:3 Tobia anaudhihaki ukuta wa Yerusalemu kwamba hata mbweha akiupanda utabomoka. Sifa zote mbili zinamfaa Herode. Kisha pimeni ukali wa neno, jambo ambalo timu nyingi husahau. Hili ni tusi. Mkiandika "mwambieni Herode, mtu mwenye hila", maana imebaki lakini makali yamekwisha.

Mbakizeni mbweha, na mkiona haja mwongezeeni neno: "yule mbweha mwenye hila". Huo wizi wa kuku mnaoulalamikia una faida. Someni mbele hadi mstari wa 34: Yesu anajifananisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mabawa yake. Msikilizaji wa Webuye ataunganisha mbweha na kuku bila kuambiwa. Mkimwondoa mbweha, mmekata uzi huo.

Mkimaliza, wasomeeni mistari ya 31 hadi 34 watu wasio wa timu yenu, hasa wasioikariri Biblia ya Kiswahili, kwa kuwa anayeikariri hujaza mapengo yenu kwa kumbukumbu zake. Msiulize "Mmeelewa?" Wataitikia kwa adabu tu. Ulizeni: "Yesu alimsifu Herode au alimtukana? Umejuaje?" Wakijibu kwamba Herode alikuwa akifuga mbweha, rudini mezani.

Swali: Hapa Kisumu theluji hatuioni. Katika Isaya 1:18 tunaweza kuandika "nyeupe kama mvua ya mawe"?

Jibu: Theluji inaweza kubadilishwa hapo, kwa sababu kazi yake ni kupima weupe tu. Ila mvua ya mawe siyo: huharibu mahindi shambani, na katika Kutoka 9 ni pigo. Jaribuni maziwa au yangeyange. Uhuru huo hauendi kila mahali, lakini. Mtini wa Marko 11:13 ni mti halisi uliokuwa pale, hauwezi kugeuzwa mwembe. Na Mwanakondoo wa Yohana 1:29 amefungamana na Pasaka ya Kutoka 12, kwa hiyo asiguswe.

Swali: Warumi 12:20 inasema ukimlisha adui mwenye njaa utampalia "makaa ya moto" juu ya kichwa chake. Wasikilizaji wetu Nakuru wanadhani ni njia ya kumchoma adui kwa siri. Tufanyeje?

Jibu: Mstari wa 19 unakataza kisasi, na wa 21 unasema ubaya ushindwe kwa wema, kwa hiyo maana hiyo haikai. Wafasiri wengi huona hapa aibu inayomfanya adui ajute. Wengine huona hukumu ya Mungu. Paulo ananukuu Mithali 25:21-22, basi wekeni makaa yaleyale mahali pote pawili, na maelezo ya aibu myaweke chini ya ukurasa. Tanbihi ya mstari mmoja inatosha. Ikizidi hapo, hakuna atakayeisoma.