Obi Haitaki Kiuno Chembamba

Msomaji mmoja aliyehamia Osaka kusoma ameniandikia: "Dada, nina nyonga za kwetu, hiyo obi itanikaa kweli?"

Obi, ule mkanda mpana wa kufungia kimono, itakukaa, mdogo wangu. Nami niliulizwa hivyo hivyo kwa macho, katika duka moja hapa Kyoto. Muuzaji alinitazama kiunoni kabla ya usoni, akanipeleka kwenye obi za klipu, zile zilizofungwa tayari. Aliinama kwa adabu zote. Linaniuma mpaka leo.

Basi mnisamehe nikijisifu. Januari hii, Siku ya Utu Uzima, sikukuu ya vijana wa Japani wanaoingia ukubwani, binti wa jirani alivaa furisode, kimono ya mikono mirefu ya wasichana, na aliyemfunga obi ni mimi. Nilimfunga fukura suzume, fundo la shomoro aliyejivimbisha manyoya. Bibi yake alimzunguka akikagua, hakurekebisha hata mkunjo. Miaka ya kufungua na kufunga upya siisimulii, inachosha.

Sasa sikiliza. Kimono hushonwa kwa vitambaa vilivyonyooka na inataka mwili ulionyooka. Kiuno kikiingia ndani, obi inateleza na kupinda, ndiyo maana Wajapani wenyewe huzungushia taulo kiunoni kwanza. Wewe pia weka taulo, juu ya nyonga. Mwili wako hauna kosa. Acheni kuomba radhi kwa miili yenu!

Kinachotusumbua ni urefu. Fukuro obi, ile rasmi ya sherehe, ya sasa huzidi mita 4, lakini nyingi za zamani ni fupi, fundo linakwama njiani. Nenda na futi ya fundi cherehani.

Wala usikimbilie obi ya Nishijin, mtaa wa wafumaji hapa Kyoto, yenye nyuzi za dhahabu. Anza na hanhaba, yenye nusu ya upana, uivalie yukata, kimono nyepesi ya pamba, wakati wa fataki za kiangazi. Kama mfuko unaruhusu, chukua ya Hakata, kutoka Fukuoka: hariri yake imebana, ukiikaza inalia, na ikishika imeshika. Funga fundo la bunko, lile la umbo la kipepeo, mbele, unapoliona, kisha lizungushe nyuma kwa kupitia kulia kwako. Ukipitia kushoto, kola inaachia.

Mitumba mizuri iko hekalu la Toji, hapa Kyoto, tarehe 21 ya kila mwezi. Ikunjue obi yote kabla ya kulipa, hata muuzaji akinuna. Madoa hujificha kwenye mikunjo ya ndani.