CRP imepanda, albumini imeshuka: je, ini la mbwa wangu limekufa?

Ndugu wa Mbale, umesema mbwa wako jike ana homa, damu imeonyesha CRP (protini inayopanda mwili unapowaka moto wa ugonjwa) iko juu na albumini (protini kuu ya damu, hutengenezwa na ini) chini, na jirani amekuambia ini limekufa. Majibu hayo peke yake hayasemi hivyo.

Mwaka juzi mbwa wangu hapa Ntinda, Kampala, aliacha kula, akawa anakunywa maji kupita kiasi. Kliniki ya kwanza walimpima CRP kwa kifaa cha watu, jibu likaja "kawaida". Nilirudi naye nyumbani nimetulia, na bado naumia nikikumbuka, kwa sababu usiku ule aliungua homa. CRP ya mbwa si sawa na ya binadamu, na kifaa cha binadamu kinaweza kuikosa kabisa. Kwa hiyo uliza: kipimo chako kilikuwa cha mbwa?

Kliniki ya pili walikuwa na kipimo cha mbwa. CRP ilikuwa miligramu 180 kwa lita, wakati mbwa mzima kwa kawaida hazidi 10 au 20 hivi. Albumini ilikuwa chini, nami nikawaza ini. Daktari akanielewesha: ini lilikuwa kazini. Seli za kinga zinapolipelekea ishara, hasa kemikali iitwayo interlukini-6, ini hupunguza kutengeneza albumini na badala yake hutengeneza kwa wingi protini nyingine: CRP, haptoglobini na fibrinojeni. Sehemu ya albumini pia huvuja nje ya mishipa. CRP huanza kupanda ndani ya saa 4 hadi 24, na inaweza kuongezeka mara 100. Haptoglobini huenda polepole, tena hata dawa za steroidi zenyewe huipandisha, basi kama amechomwa sindano hizo, mwambie daktari.

Usaha ulikuwa kwenye mji wa mimba. Siku ya pili baada ya upasuaji CRP ilikuwa bado juu, maana kisu chenyewe huipandisha. Siku ya sita ilishuka hadi 30, nikalala. Albumini ilichukua wiki kadhaa.

Rudia kipimo baada ya siku mbili, maabara ileile. Lakini CRP haikuonyeshi moto uko wapi. Kupe nao wanaweza kuleta haya, kwa vijidudu vya damu wanavyoeneza, babesia na erlikia. Kama hajafungwa kizazi na alikuwa kwenye joto (msimu wa kutaka dume) ndani ya miezi miwili iliyopita, mpeleke leo akapigwe picha ya tumbo, hata kama huoni uchafu wowote ukitoka. Mlango wa kizazi ukifunga, usaha wote hubaki ndani.