Jibu: Binti wa miaka 9 ana damu 9.8, nimpe nini?

Pole sana dada. Umesema binti yako hapo Ujiji amepimwa wingi wa damu ikawa 9.8 (gramu kwa desilita), ni mfupi kuliko wenzake darasani, na majirani wanakuambia juisi ya choya itatosha. Haitatosha. Kwa umri wake inatakiwa angalau 11.5.

Kwanza jua damu inapotelea wapi. Malaria huku kwetu unaijua. Minyoo ya safura nayo hunyonya kimyakimya, na kama anaoga ziwani kuna kichocho. Omba apimwe hivyo vyote, pamoja na selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwanangu nilimkuta nyuma ya jiko anabandua udongo wa ukutani na kuutafuna, nikamgombeza. Kumbe damu ilikuwa chini. Mpaka leo inaniuma.

Ugali wa muhogo unashibisha, lakini madini ya chuma humo ni haba. Dagaa wawe kwenye sahani yake pia, siyo ya baba tu. Maharage na matembele mkamulie ndimu, chuma kiingie vizuri mwilini. Mawese usiyachemshe mpaka yapauke. Wekundu ule ndio vitamini A, nayo husaidia kutengeneza damu. Na chai ya rangi, jamani, isiwe pamoja na chakula! Inazuia chuma. Anywe baada ya saa moja au mbili.

Akiandikiwa vidonge vya chuma, choo kitakuwa cheusi, usiogope. Wala usiache akishachangamka, kwa kawaida humezwa kama miezi 3 ili akiba ijae. Kimo huja polepole. Mwekee alama ya mkaa mlangoni.