Jalada la gemu nyepesi lichorwe kwa ukubwa litakaoonekana nao

Mtengenezaji wa gemu ndogo anapomfuata mchoraji, kwa kawaida huja na picha ya jalada, ile inayoitangaza gemu dukani, iliyokwisha kamilika kichwani: wahusika wote watano, kijiji nyuma yao, jua likichwea, na jina la gemu limejikunja kwa madoido juu ya mawingu. Picha hiyo ikichorwa vizuri itapendeza ukutani, lakini mnunuzi haioni ukutani. Katika orodha za Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, anaweza kuiona ikiwa kipande chenye upana wa pikseli 231 na kimo cha pikseli 87, kimebanwa kati ya vingine vingi, naye anapitisha ukurasa haraka huku mawazo yake yako kwingine. Nimewachorea majalada watengenezaji huru kwa muda wa kutosha kuamini kwamba maamuzi yote ya maana hufanywa katika ukubwa huo mdogo, na kwamba anayeanza na turubai kubwa mara nyingi huishia kulipia kazi ileile mara mbili.

Vipimo vyenyewe vinapatikana katika maelekezo ya kila duka. Steam siku hizi hudai faili zilizo maradufu ya zile za zamani ili picha zionekane safi kwenye skrini mpya: 462 kwa 174 kwa jalada dogo, 920 kwa 430 kwa lile la kichwa cha ukurasa, 1232 kwa 706 kwa jalada kuu, na 748 kwa 896 kwa jalada la wima. Itch.io hupendekeza 630 kwa 500, nayo Google Play hutaka aikoni ya 512 kwa 512 pamoja na bango la 1024 kwa 500. Ukiyaweka maumbo hayo ubavu kwa ubavu, utaona kwamba moja ni ufito mrefu, jingine linakaribia mraba na jingine limesimama wima, kwa hiyo hakuna picha moja inayoweza kukatwakatwa ikatosha kote bila mhusika kupoteza kichwa au jina kupoteza herufi. Mhusika, mandhari na jina vichorwe katika tabaka tofauti, kisha kila umbo lipangwe upya kana kwamba ni kazi inayojitegemea.

Nitatoa mfano wa gemu ya bao la Kiswahili niliyoichorea jalada, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na karibu kila ugumu wa kazi hii. Mtengenezaji alitaka ubao mzima uonekane, na sababu yake ilikuwa nzuri: anayelijua bao ataitambua mara moja ile mistari minne yenye mashimo manane manane, na kete 64 zikiwa zimesambaa humo. Tulipoupunguza mchoro wa awali hadi ukubwa wa jalada dogo, mashimo 32 yaligeuka madoadoa, na mtu niliyemwonyesha bila maelezo alidhani ni kibao cha kubonyezea namba. Ubao mzima ni kielelezo sahihi cha mchezo, ila hauna mahali pa jicho kutua. Tukatafuta kitu kimoja kinachoweza kusimama kwa niaba ya vyote, tukakipata kwenye nyumba, lile shimo la mraba ambalo mchezaji hulilinda kwa wivu tangu kete ya kwanza. Jalada likawa shimo moja la mraba lililojaa kete, na juu yake vidole vya mchezaji anayenamua, yaani anayeingiza kete ubaoni, kete moja ikiwa ndiyo kwanza inaachiwa. Anayelijua bao alielewa kila kitu. Asiyelijua alielewa kwamba kuna mkono, kuna vitu vidogo vya kugusa na kuna hatua inayotaka kutokea, na kwa gemu nyepesi hayo yanatosha kabisa.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa rangi. Komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, kwa asili ni za kijivu na mbao ni ya kahawia, na ukiondoa rangi ili ubaki na mwanga na giza peke yake, viwili hivyo hukaribiana mno. Jicho la mnunuzi hutenganisha mwanga na giza kabla halijashughulika na majina ya rangi, hivyo nilizipandisha komwe hadi zikakaribia weupe, nikazipa kidoa cha mng'ao upande mmoja, na nikaushusha ubao hadi kahawia ya kahawa iliyokolea. Kuna atakayelalamika kwamba komwe halisi haziko hivyo. Ni kweli, lakini jalada lililo sahihi kwa mtaalamu wa mimea huku halisomeki kwa mnunuzi halijamsaidia mtu yeyote. Mpe kipimo hiki kila mchoro wako: ugeuze kuwa wa kijivu, upunguze hadi uwe mdogo kama kidole gumba, na uangalie kama umbo kuu bado limejitenga na kilicho nyuma yake. Gemu ya Untitled Goose Game, iliyotengenezwa na kampuni ya House House ya Melbourne na kutoka mwaka 2019, ina bahati ya kuwa na mhusika anayefaulu mtihani huo bila jasho, kwa sababu bata bukini mweupe mwenye shingo ndefu hutambulika hata akiwa kivuli kitupu.

Linalofuata ni ahadi, na hapa ndipo ninapobishana zaidi na wateja. Jalada humwambia mnunuzi aina ya gemu kabla hajasoma neno hata moja, kwa kuwa wachezaji wamezoea alama fulani: giza, cheche za moto na nyuso zilizokunjamana huashiria mapigano, ilhali rangi angavu, maumbo ya mviringo na uso uliotulia huashiria mchezo wa kupumzikia baada ya kazi. Mteja wa bao aliwahi kupendekeza tuweke wazee wawili wanaotazamana kwa hasira, umeme ukipiga nyuma yao, ili gemu ionekane ina ushindani. Picha hiyo ingewavuta watu, tena wengi, lakini wasio wake. Steam humruhusu mnunuzi kudai fedha zake ndani ya siku 14 iwapo amecheza chini ya saa 2, na aliyefuata umeme akakuta kete atazidai, huenda akiacha na maoni makali nyuma yake. Tulichagua mwanga wa alasiri unaoingia kwa ubavu, ule wa barazani, na utulivu wa gemu ukaonekana bila kuandikwa popote.

Kuhusu jina, ushauri wangu ni mkali kidogo. Katika jalada dogo la Steam, jina lijaze karibu nafasi yote na mchoro uwe msaidizi wake, maana pale mtu anasoma zaidi kuliko anavyotazama. Herufi ziwe nene, zenye nafasi ya kutosha kati yake, na jina refu ligawanywe katika mistari miwili badala ya kubanwa katika mmoja. Herufi nyembamba za mwandiko wa mkono zinazovutia kwenye kadi za harusi hupotea kabisa katika kimo cha pikseli 87. Usilitandaze jina juu ya sehemu ya picha yenye vitu vingi ukitegemea kivuli cheusi kuliokoa. Liandalie mahali pake tangu mchoro wa penseli.

Usiongeze kitu kingine cha kusomwa. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 Steam hairuhusu alama za wakosoaji, nembo za tuzo wala matangazo ya punguzo kwenye majalada, na Google Play nayo hukataa maneno kama «bure» au «namba moja» kwenye aikoni. Binafsi nilifurahi sheria hizo zilipokuja, kwani zilinipunguzia mabishano.

Aikoni ya simu ni kazi nyingine. Haihitaji jina, kwa sababu duka huliandika jina kandokando yake. Inahitaji uso mmoja au kitu kimoja, kilichosogezwa karibu kiasi kwamba kingo zake zinakaribia kutoka nje ya mraba. Google Play huviringa pembe yenyewe, kwa hiyo peleka mraba kamili na usiweke lolote la maana pembeni. Kwa bao, vidole viliondoka na kete tatu zikabaki ndani ya shimo la mraba.

Kabla ya kulipa salio la mchoraji, piga picha ya skrini ya ukurasa wa duka wenye gemu za aina yako, bandika jalada lako katikati yake kwa ukubwa uleule, kisha mwonyeshe mtu asiyejua unachotengeneza. Usimuulize kama limependeza, maana watu wetu wana adabu na watakusifu. Muulize anadhani mchezaji anafanya nini katika gemu hii. Baada ya gemu kuingia dukani, Google Play ina majaribio ya ukurasa yanayowagawia wageni picha tofauti ili ulinganishe, na Apple huruhusu matoleo matatu yashindane na lile la asili. Katika Steam itakubidi usome ripoti ya idadi ya walioliona jalada na waliofungua ukurasa, kabla na baada ya kulibadilisha, huku ukiepuka kulinganisha wiki ya kawaida na wiki ya punguzo kubwa.

Haya yote yafanyike kabla ya kufungua ukurasa wa «inakuja hivi karibuni», kwa kuwa watu huanza kuiweka gemu kwenye orodha ya matamanio siku hiyohiyo. Katika mkataba na mchoraji, dai faili zenye tabaka na si picha zilizokwisha kuunganishwa, pamoja na haki ya kuzipanga upya, kwani Steam huruhusu jalada la muda lenye maandishi ya kutangaza sasisho kubwa, na siku utakapolihitaji, mchoraji huenda yuko katika kazi ya mtu mwingine.